Mmiliki wa Shamba Namba 417

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, karani Happiness wa tawi la Manyoni alimaliza kufagia, akanyunyiza maji mlangoni kutuliza vumbi, akawasha kompyuta na kufungua programu mpya ya ushirika. Akaandika namba 417 kwenye kisanduku cha kutafutia. Dirisha likafunguka likiwa na ramani ya shamba, idadi ya ekari na jina la mmiliki. Papo hapo Mzee Fabiano akapiga hodi, akavua kofia, akaingia na kuketi kwenye benchi la wageni. Mzee Fabiano alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma na kuzikwa shambani kwake, upande wa Ikungi. Happiness alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyechapa barua ya rambirambi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Habari za kazi?"

"Nzuri. Nikusaidie nini?"

"Nasubiri tu."

Happiness alifunga dirisha la 417. Mzee akainuka, akaaga, akatoka. Alipolifungua tena, mzee akarudi na kuketi palepale. Baada ya mara ya tatu Happiness aliona si adabu kumwinuainua mtu mzima namna ile, akachukua fomu ya hitilafu, akajaza kwa mwandiko wake mzuri: "Ukifungua shamba 417, mmiliki anakuja mwenyewe. Nimeuliza kwa simu, matawi mengine haji. Naomba irekebishwe."

Fomu ilipigwa picha, ikatumwa kwa simu hadi mtaa wa Mandewa, Singida mjini, kwenye chumba cha kupanga alichokigeuza ofisi Peniel, mtengenezaji wa programu hiyo. Peniel alikuwa pia mtoto wa kwanza wa Mzee Fabiano.

Kazi aliyopewa haikuwa ya mchezo. Programu aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na Python peke yake haichori dirisha wala kitufe. Inaegemea maktaba ya kuchorea, yaani fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wengine, na maktaba hizo ni nyingi. Zinafanana kama watoto wa baba mmoja na mama tofauti: hii inakiita kitu hivi, ile inakiita vile, hii inataka jina refu, ile inakasirika ukilirefusha. Ushirika wa wakulima wa alizeti ulikuwa na matawi manne, Singida mjini, Ikungi, Itigi na Manyoni. Kila tawi lilipewa kompyuta na mfadhili wake, kila mfadhili alikuja na mtaalamu wake, na kila mtaalamu aliacha maktaba yake. Kuzibadilisha kulikatazwa, maana kompyuta zilikuwa na vibandiko vya wafadhili. Basi Peniel akaandika tabaka la kati. Programu ilizungumza na tabaka tu, na tabaka likaangalia maktaba iliyopo na kuipelekea maneno kwa namna inayoielewa. Mkataba ulisema jambo moja kwa herufi nzito: programu ifanye kazi sawasawa kwenye matawi yote manne, karani asijue tofauti.

Hitilafu yoyote, mtaalamu huanza kwa kuirudia mwenyewe. Peniel akabadilisha mstari mmoja ili kompyuta yake itumie maktaba ya Manyoni, akafungua 417, na hodi ikapigwa mlangoni.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

Peniel alimmiminia chai. Baba yake alisema huko aliko hawanywi, lakini alikipokea kikombe akakishika kwa mikono miwili kwa ajili ya joto. Peniel alitamani kumkumbatia. Ila Mzee Fabiano hakuwa mtu wa kukumbatiwa hata alipokuwa hai, na mwanawe hakuona kwa nini aanze kumsumbua sasa.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Ijumaa kamati ya ushirika inakaa kuthibitisha rejesta. Wakithibitisha, mama anaondoka shambani."

Hapo ndipo maji yalipokuwa yamewafika shingoni. Shamba 417 lilikuwa ekari nane za alizeti, na ndani yake ilikuwemo nyumba ya Magdalena, mama yake Peniel. Alikuwa ameishi humo miaka thelathini na minne. Mwaka uliopita aliambiwa kwamba mumewe, kabla hajafa, alilikabidhi shamba kwa Mwenyekiti wa ushirika, Antipasi, na kwamba fomu ipo, imewekwa dole gumba. Aliomba kuiona. Aliambiwa aje kesho, na kesho yake akaambiwa kabati limefungwa, mpaka akachoka.

"Hebu fungua hiyo fomu," alisema Mzee Fabiano.

Peniel akaifungua. Makarani walikuwa wameziskani karatasi zote bila kuzisoma, kwa hiyo ilikuwemo. Jina, ekari, mashahidi wawili, alama ya dole gumba, tarehe kumi na nne Juni.

"Mimi nilizikwa lini?"

"Tarehe mbili Machi, mwaka huohuo."

"Basi," alisema mzee, akarudi kukitazama kikombe.

Peniel alibaki na swali la kitaalamu, na alilishika hilo kwa sababu lile jingine, la dole gumba lilikuwa la nani, lilimuumiza. Kwa nini baba yake alikuja Manyoni tu? Alipitia msimbo wake, yaani maandishi ya programu, mchana kutwa, mzee akiwa ameketi pembeni. Maktaba ya Manyoni ndiyo aliyojifunzia chuoni, kwa hiyo tabaka lilipitisha kila kitu chake moja kwa moja. Zile tatu nyingine alizitafsiria. Na katikati ya tafsiri hiyo aliukuta mstari mmoja wa mkono wake mwenyewe. Ulisema hivi: likitokea jambo usilolielewa, nyamaza, endelea.

Aliukumbuka vizuri. Aliuandika Ikungi miezi minane iliyopita, mbele ya Mwenyekiti Antipasi, siku dirisha lilipokuwa likizimika kila akifungua shamba fulani na jasho likimtoka. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba mstari kama huo ni aibu, na kila mmoja ameshawahi kuuandika, akajiambia atarudi kuufuta. Dirisha liliacha kuzimika. Mwenyekiti alimpigia makofi.

"Kwa hiyo Ikungi ulikuja," alisema Peniel.

"Nilikuja. Singida mjini nilikuja, na Itigi. Kila siku napiga hodi, siitikiwi."

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Nilidhani ni makarani," alisema mzee, wala hakulaumu. Peniel angependelea alaumiwe.

Aliufuta mstari ule. Jumatano asubuhi alituma toleo jipya kwenye matawi yote, akiwa na matumaini, kitu ambacho hakikuwa kimemtembelea muda mrefu. Alijiambia kwamba sasa haitakuwa karatasi dhidi ya mjane. Mwenye shamba atasimama mwenyewe mbele ya kamati na kusema. Nani atabisha?

Kufikia saa nne matawi yote manne yalikuwa na wageni. Mzee Fabiano hakuwa peke yake. Walikuja watu thelathini na wanane, wanaume kwa wanawake, wote wakiwa watu ambao mashamba yao yalihamishwa kwa dole gumba baada ya wao kuzikwa. Tawi la Ikungi lilipata kumi na tisa. Bibi mmoja alikuja na jembe lake, mwingine aliulizia choo akaelekezwa. Makarani waliwasalimia kwa zamu, na salamu zilipokuwa nyingi wakaanza kuchelewesha huduma. Tawi la Itigi liliazima mabenchi kanisani. Fomu za hitilafu zilizofika Mandewa siku hiyo zilikuwa mbili tu, na zote zililalamikia upungufu wa viti.

Meneja wa ushirika, mama mmoja mpole aliyeitwa Belinda, alishuka matawini Alhamisi kuwaona. Alisalimiana nao mmoja mmoja, akawapa pole kwa safari. Kisha akawaomba barua za utambulisho kutoka kwa watendaji wa vijiji vyao. Hakuwa na nia mbaya. Katika ushirika ule hakuna shida ya mtu iliyosikilizwa bila barua ya mtendaji, iwe ya mbegu, mkopo au msiba. Hata yeye mwenyewe alipoomba kazi alikuja nayo.

Wafu walikwenda kuzitafuta. Ni watu waliozoea taratibu. Mzee Fabiano alifika kwa mtendaji wa kijiji chake saa nane mchana, akapanga foleni nyuma ya mama aliyetaka kibali cha kuuza mbuzi, na zamu yake ilipofika akaeleza shida.

"Mzee wangu, nakufahamu," alisema mtendaji. "Nilikuzika mimi. Lakini namtambulishaje mtu niliyemfuta kwenye daftari la wakazi?"

"Nirudishe."

"Nikikurudisha nitaulizwa kwa nini nilikufuta. Na sikukosea kukufuta, si kweli?"

Mzee Fabiano alikuwa mtu mkweli maisha yake yote. Alikubali kwamba hakukosea.

Ijumaa kamati ilikaa ukumbini Singida mjini. Peniel alikuja na kompyuta, akaifungua 417 kwa maktaba ya tawi hilo, na baba yake akaingia. Mwenyekiti Antipasi alikuwa wa kwanza kusimama.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema kwa unyenyekevu, akampisha kiti chake cha mbele.

Mzee Fabiano alikataa kuketi. Aliinua dole gumba lake, akasema, "Hiki kidole mnakijua, kimechanjwa na jembe hapa pembeni. Alama iliyo kwenye karatasi haina mchanjo. Na siku iliyoandikwa nilikuwa chini ya ardhi miezi mitatu na zaidi. Shamba ni la mke wangu. Sijampa mtu."

Wajumbe walimsikiliza mpaka mwisho, wengine wakitikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja alilisogelea dole akalitazama, akathibitisha kwamba mchanjo upo. Katibu aliyaandika yote kwenye muhtasari neno kwa neno. Kisha akasoma uamuzi: malalamiko yana uzito, yatapokelewa rasmi mlalamikaji atakapoleta barua ya utambulisho, na kwa sasa rejesta inathibitishwa kama ilivyo, wasije wakachelewa msimu.

"Hana wa kumpa barua," alisema Peniel. Sauti yake ilipanda bila kutaka. "Mmemwona. Mmemsikia. Mnataka nini zaidi?"

"Barua," alisema Belinda kwa upole, na macho yake yalikuwa na maji kweli.

Ajenda iliyofuata ilikuwa ya Peniel. Kamati iliridhika kwamba programu sasa inafanya kazi sawasawa kwenye matawi yote manne, kama mkataba ulivyotaka. Waliomba nyongeza moja ndogo: kisanduku cha kuweka tiki mbele ya jina la mmiliki, kuonyesha kwamba amefika. Mwenyekiti Antipasi akatia saini hati ya kupokea kazi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Peniel aliiweka ile hati mfukoni. Siku hiyo alijiona mtu asiye na faida yoyote duniani.

Trekta liliingia shamba 417 Jumatatu iliyofuata. Magdalena alifika Mandewa Jumanne kwa bodaboda, na sufuria, godoro, kuku watatu waliofungwa miguu na picha ya ndoa. Alioga, akala ugali na mlenda, akamwomba mwanawe amwite mzee.

Peniel akafungua dirisha. Mzee Fabiano aliingia, akavua kofia, akaketi kitandani kando ya mkewe. Walizungumza Kinyaturu, taratibu, kama walivyokuwa wakizungumza wakichambua mtama. Mzee alimuuliza mkewe habari za nyumba. Magdalena alimjibu kwamba wameibomoa. Mzee akauliza kama wamelima mpaka kule mwisho, penye mawe.

"Mpaka kule, Baba Peniel. Kaburi lako wamelipitia. Nilipiga kelele, dereva akasema kwenye ramani hakuna kaburi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaomba asimulie lingine, naye akamsimulia habari za kuku.

Baadaye Magdalena aligeuka kuitazama kompyuta. Hakuwahi kuiona kazi ya mwanawe kwa karibu. Aliangalia vitufe, rangi ya kijani aliyoichagua Peniel kwa ajili ya mashamba, jina la Antipasi lililoandikwa vizuri kwenye nafasi ya mmiliki, na pembeni yake kisanduku kipya chenye tiki.

"Kwa hiyo hii ndiyo uliyohangaika nayo mwaka mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Imekamilika?"

"Imekamilika. Inafanya kazi kila mahali."

"Hongera, mwanangu," alisema mama yake, na alisema kwa moyo wake wote. Mzee Fabiano naye akasema hongera.

Peniel aliwashukuru. Akainamia kompyuta, akaanza kuupitia msimbo mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta kosa, ili wazazi wake wasimwone analia. Alipitia maktaba ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, akafika mwisho. Hakukuwa na kosa.