Mshono Uliolala Kushoto

Meja alilitupa koti la jeshi juu ya meza ya kukatia, akalikunjua pindo. "Haya, Fundi. Wewe ndiye mkubwa wa karakana hii. Huu mshono ni wa nani?"

Fundi aliinama kutazama. Ndani ya pindo hilo askari walikuwa wamekuta karatasi yenye mchoro wa daraja, ikipelekwa kwa adui. Aliyeificha alimalizia kwa kurudisha sindano nyuma mara tatu, na nyuzi zote tatu zikalala upande mmoja. Mshono wa marehemu baba huo, na baba aliwaachia watoto wake wawili tu. Wa Fundi hulala kulia. Mdogo wake anatumia mkono wa kushoto, hata jina wamembandika Shoto, na wa kwake hulala kushoto.

Hizi zililala kushoto.

Shoto mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono imefungwa kamba, kwa sababu ndiye aliyelipiga pasi koti hilo. Nyuma ya Meja alisimama Luteni, mchumba wa Fundi, ametulia tuli kama maji ya mtungini.

"Ukinitajia mwenye mshono, huyu anakwenda zake kunywa chai," Meja alisema. "Usiponitajia, saa sita anapigwa risasi."

Angesema basi! Lakini mapenzi nayo yana mambo. Miezi mitatu nyuma Luteni alikuja na kifungo kimekatika, akang'ang'ania afundishwe kushona mwenyewe, naye Fundi akamfundisha mshono ule wa baba. Wakaketi wakitazamana, magoti karibu yagusane. Mkono wa Fundi ulipokwenda kulia, yeye aliuona unakwenda kushoto, naye akapeleka wake kushoto, nyuzi zikalala kama za Shoto. Fundi mwenye akili zake angemsahihisha. Huyu wetu alicheka, akaona inapendeza, akaacha hivyo hivyo. Haya, acheke tena sasa!

Kwa hiyo ni yupi? Shoto, ambaye hata akiumwa jino hakomi kusema, alikuwa kimya tangu asubuhi. Luteni alitazama viatu vyake. Amtaje mchumba kwa kosa la ndugu, au amzike ndugu kwa kosa la mchumba? Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini waliosema hawakuulizwa saa nne asubuhi mbele ya bastola ya Meja.

"Ni wangu," alisema.

"Wako?" Meja akamsukumia sindano. "Shona nikuone."

Aliushika uzi. Alikumbuka mkono ule mzito wa Luteni ulivyokuwa ukikosea, akakosea vilevile, mara tatu. Nyuzi zikalala kushoto. Meja alizilinganisha, akashusha pumzi.

"Luteni, mfungue huyo. Kamba hiyo hiyo umfungie huyu." Akatoka nje kuita gari.

Mikono ilipokuwa huru tu, Shoto alimrukia dada yake. "Wazimu gani huu, dada? Nilimwona kwa macho yangu juzi, ameliinamia koti hilo! Nimenyamaza ili usipoteze mchumba. Nikadhani mwanamume mzima atasema mwenyewe!"

Fundi alimgeukia Luteni. Yeye alikuwa anamzungushia kamba mikononi.

"Basi sema," Fundi alimwambia polepole. "Meja yuko hapo nje."

"Nakupenda," Luteni alinong'ona, na akakaza fundo.

Shoto aliutazama mkono ule ukikaza, akageuka akaenda mlangoni. "Namwita Meja."

Tangu utotoni neno moja la dada lilitosha kumrudisha. Fundi alifungua mdomo amzuie. Alimpenda Luteni, hata sasa alimpenda, na hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote. Kamba ilimuuma mikononi.

Akaufunga mdomo, akasikiliza hatua za mdogo wake zikienda uani.