Kibomba cha Alhamisi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi lango la wodi lilikuwa bado limefungwa, na foleni ya ndugu wa wagonjwa ilishafika kwenye kibanda cha mlinzi. Karibu kila mtu alikuwa na hotpoti au chupa ya chai. Joha hakubeba chakula. Alibeba shuka safi, beseni la plastiki na bahasha ya kaki yenye barua ya msamaha wa gharama iliyogongwa mihuri mitatu.

"Mdogo wangu, wewe mgonjwa wako anakula beseni?" mama mmoja alimtania.

"Leo hatakiwi kula. Anaingia kwenye kamera."

Alijaribu kucheka na wenzake. Tangu alipoamka kule Mkonze, mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua.

Baba yake, Mzee Ibrahimu, alikuwa ametapika kwa wiki tano. Alichokula asubuhi kilikaa tumboni hadi jioni, kisha kikarudi vilevile kilivyoingia. Alipoletwa kutoka Busi, mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya manne kwa msumari. Baada ya vipimo, Daktari Castory alimwita Joha korido pamoja na baba yake mkubwa, Hasani. Akawaeleza taratibu kwamba ni saratani. Imeziba mlango wa chini wa tumbo, pale chakula kinapotokea kwenda kwenye utumbo. Kuiondoa haiwezekani tena. Kinachowezekana ni kumfungulia njia ili ale.

"Njia zenyewe ni mbili," alisema. "Ya kwanza, tunapitisha kamera mdomoni na kuweka kibomba cha waya pale palipoziba. Hachanwi. Kesho yake anakunywa uji, baada ya siku mbili tatu yuko nyumbani. Ila baada ya miezi kadhaa kibomba kinaweza kuziba tena. Ya pili, tunafungua tumbo na kuunganisha utumbo juu ya palipoziba. Hiyo hudumu zaidi, lakini ni kisu. Kupona ni wiki kadhaa, na yeye amedhoofu."

"Ipi bora, daktari?" Hasani aliuliza.

"Inategemea ana muda gani. Mwenye muda mfupi, kibomba. Mwenye muda mrefu na nguvu za kuhimili, upasuaji. Mzee wetu amedhoofu mno. Mimi ningeanza na kibomba."

Joha alitaka kuuliza muda wenyewe ni upi. Akauliza bei ya kibomba badala yake.

Walipotoka nje, Hasani alimshika bega. "Asijue. Ukimtajia mtu kansa umemmaliza kabla ya siku yake. Mwambie ni vidonda vya tumbo."

Joha akamwambia baba yake ni vidonda vya tumbo. Mzee alishukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Kibomba hakikuwa kwenye orodha ya bima, ndiyo maana ya ile barua. Kuipata, Joha aliacha sare za shule zikiwa zimekatwa mezani, bila kushonwa, akashinda siku tatu kwa mtendaji wa mtaa, kwa mtendaji wa kata na kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Na mtaalamu wa kukiweka alikuwa anatoka Dar es Salaam, Alhamisi moja tu kwa mwezi. Alhamisi yenyewe ilikuwa hii.

Lango lilipofunguliwa alikwenda mbio. Alimkuta baba yake ameketi kitandani, mpira wa puani umeshatolewa, uso umechangamka kuliko siku zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo nimeamka mtu! Ule mpira umenyonya takataka zote usiku. Nimehisi njaa, Joha. Njaa ya kweli."

"Vumilia. Wakimaliza utakula."

"Nivumilie nini? Nimeshakunywa." Alionyesha kwa kidevu kitanda cha jirani, ambako mke wa mgonjwa mwingine alikuwa anafunga chupa yake ya uji. "Huyu mama Mungu ambariki. Vikombe viwili, ulezi na maziwa."

"Baba! Nesi hakukwambia usile?"

"Aliniambia. Lakini nesi ni mtoto, mimi vidonda vya tumbo nimeviona kwa mama yangu miaka ishirini. Vidonda havitaki tumbo tupu, vinang'ata. Nani asiyejua hilo?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwanawe jambo dogo. Joha hakuweza kumlaumu. Yeye ndiye aliyempa vile vidonda.

Nesi Miriam alisikia, akaja, akaangalia kikombe, akaenda kumwita daktari. Daktari Castory alifika baada ya nusu saa.

"Haiwezekani leo. Uji mzito namna hiyo, kamera haioni kitu. Na akitapika akiwa amesinzia, unaingia mapafuni, tunampoteza mezani."

"Si mmnyonye tena kwa mpira?"

"Tutamnyonya, lakini inachukua saa nyingi, na mtaalamu anaondoka saa sita. Ana wagonjwa tisa. Nenda kwa Geofrey wa miadi, dirisha la pili, mwambie nimekutuma. Labda kuna nafasi ya mwisho."

Geofrey alikuwa kijana nadhifu, beji shingoni, macho kwenye kompyuta.

"Dada, listi imefungwa tangu jana. Nakuweka mwezi ujao."

"Kaka yangu, hatafika mwezi ujao."

"Sijasema mimi, mfumo ndio unasema." Alifungua bahasha, akaisoma barua, akairudisha kwa vidole viwili. "Na hii inadumu siku kumi na nne. Ukija mwezi ujao uje na nyingine. Upasuaji ndio unalipiwa na bima, huo hauna shida. Hata Jumatatu anaingia."

"Daktari alisema kwa hali yake angeanza na kibomba."

"Daktari anatibu, dada. Mimi naingiza majina kwenye mfumo."

Joha alirudi wodini. Hasani alikuwa ameshafika, amesimama korido na daktari, kalamu mkononi, fomu ya kukubali upasuaji juu ya kiganja.

"Basi apasuliwe Jumatatu," Hasani alisema. "Nasaini mimi, kaka yake."

"Yeye mwenyewe anasemaje?" daktari aliuliza.

"Yeye hajui."

Daktari alivua miwani, akajifuta macho. Alionekana hakulala. "Mzee wangu, leo asubuhi mmeona gharama ya kutokujua kwake."

Joha akaichukua ile fomu kutoka kiganjani mwa Hasani. Hakupanga kufanya hivyo. Alijua akisimama hapo dakika moja zaidi hataweza tena.

"Samahani, baba mkubwa," alisema. "Nilimdanganya mimi. Nitamwambia mimi."

Alipiga magoti kando ya kitanda, akauweka mkono wa baba yake kwenye mikono yake miwili.

"Baba, si vidonda."

Mzee Ibrahimu alimtazama usoni.

"Ni ile ya kwetu? Ile iliyomuua bibi Mwanaidi wa Busi?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa nasema vidonda gani hivi visivyouma." Alijaribu kutabasamu. "Castory yuko wapi? Mwite. Na wewe usilie, unalowesha shuka la serikali."

Daktari alikuja, akaketi kabisa kwenye ukingo wa kitanda. Alimweleza njia zote mbili, moja baada ya nyingine, kama alivyowaeleza wao. Mzee alisikiliza huku akihesabu kwa vidole. Alikuwa karani wa ushirika wa mazao kwa miaka kumi na tisa, na hakupitisha gunia bila kuliuliza maswali.

"Nina muda gani?"

Joha alifumba macho.

"Miezi, mzee. Si mingi. Siwezi kukudanganya, wala siwezi kukuhesabia."

"Kwa kibomba ningekuwa nyumbani lini?"

"Wiki hii."

"Na kisu?"

"Wiki mbili hapa, zikienda vizuri. Halafu nyingine za kidonda kupona. Kwa udhaifu wako, kuna hatari ya kutoamka."

"Nikisubiri kibomba cha mwezi ujao?"

Daktari aliangalia dripu. "Hutafika, mzee. Si kwa tumbo lililoziba."

"Kumbe hamniulizi," Mzee Ibrahimu alisema taratibu. "Mnaniarifu."

Daktari aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mzee. Samahani."

Mzee aliomba fomu na kalamu. Nesi Miriam akamwekea faili chini ya karatasi liwe meza. Aliisoma yote, midomo ikicheza, hadi kwenye mstari uliosema: *Nimeelezwa njia zote za matibabu na nimechagua upasuaji kwa hiari yangu.* Hapo aliacha kusoma. Kisha akaanza kuandika pembeni, juu ya sehemu ya sahihi, kwa mwandiko wa vitabu vya hesabu, herufi zikiwa zimelala upande mmoja.

"Mzee, hapo hapaandikwi," Miriam alisema kwa sauti ya chini. "Watairudisha."

"Kwa nini?"

"Hapana mistari."

"Basi nichoree."

Miriam aligeuka kutazama mlangoni. Korido ilikuwa tupu. Akatoa kalamu yake mfukoni, akachukua boksi la glavu, akaliweka juu ya karatasi kama rula na kuchora mistari mitatu iliyonyooka.

Joha alishika ncha ya faili lisiteleze. Akasoma neno kwa neno jinsi lilivyotoka: *Nilikunywa uji kwa kuwa sikuambiwa ukweli. Ningechagua kibomba. Wa kukiweka amepewa asubuhi moja tu kwa mwezi mzima. Nakubali kupasuliwa, lakini sikuchagua.*

Chini yake akaandika majina yake matatu, kamili, na tarehe.