Utepe wa Mgeni Rasmi

Chumba cha Vijana kilikuwa tayari tangu mwezi uliopita: kochi bado limo ndani ya nailoni, feni mpya, na mlangoni bango lililoandikwa "Karibu Wakati Wowote". Chini ya bango hilo utepe mwekundu ulikatiza mlango. Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara tatu, na msimamizi wa kliniki aliapa kwamba hakuna kijana atakayetia mguu humo kabla mkubwa hajaukata.

Vijana walihudumiwa barazani, kwa Mama Mizani. Nesi huyu alipewa jina hilo kwa kuwa aliwapima watoto wa mtaa mzima, na aliwakumbuka kwa kilo kuliko kwa sura. Basi alimjua vizuri yule binti wa miaka kumi na miwili aliyekuja kwa mara ya tatu wiki hiyo, kajibanza kwenye foleni kati ya kina mama na vichanga vyao. Alizaliwa na kilo mbili na robo, akawanyima watu usingizi mpaka alipotimiza kilo tatu.

Kila alipokuja alisema kichwa kinamuuma, huku akiwaangalia kwa wizi wale kina mama waliotega masikio. Kila mara alipewa vidonge viwili, akaenda zake. Leo hakuvipokea.

"Nesi," alinong'ona, "mtu akikaribia kufa, huwa mnamwambia au mnanyamaza?"

Mama Mizani alishtuka. Alimwendea msimamizi, aliyekuwa akipanga viti vya wageni, akamwomba chumba kwa dakika kumi tu. Akajibiwa kwamba mgeni rasmi yuko njiani, na utaratibu ni utaratibu. Hapo hasira zikampanda. Alichukua mkasi wa chumba cha kujifungulia, ule wa kukatia vitovu, akaukata utepe bila hotuba, wakaingia.

Kumbe binti alikuwa akitokwa na damu, mwezi wa pili sasa. Alipojaribu kumwuliza mama yake habari za mwili, aliambiwa atajua akikua. Naye, kwa kuwa hakutegemea tena kukua, alishamgawia mdogo wake vitabu vyote na viatu vya shule.

Mama Mizani alimweleza taratibu, kila kitu kwa jina lake. Binti alilia, kisha akacheka mpaka nailoni ya kochi ikapiga kelele.

Walipotoka, mgeni rasmi alikuwa mlangoni, mkasi wa kung'aa mkononi, hana cha kukata. Utepe alikuwa nao binti, kajifunga mkononi.

"Nikiwaazima, mtanirudishia?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Aliwaachia, akakimbilia nyumbani kudai vitabu vyake kabla mdogo wake hajaviandika jina. Utepe ukafungwa upya, ukakatwa, makofi yakapigwa. Mgeni rasmi alihutubia saa nzima juu ya kuwasikiliza vijana, kisha chumba kikatiwa kufuli ili kochi lisichafuke.

Mama Mizani alirudi barazani. Mbele ya foleni alisimama binti mwingine, akasema kichwa kinamuuma. Nesi hakugusa vidonge. Alimwita mlinzi, akamwuliza kama ana msumeno wa kukatia chuma.