Goti Lisilotoa Damu

Kwenye uwanja wa saruji nyuma ya parokia, mtaani Nyamianda, kosa lilikuwa kosa pale tu damu ilipoonekana. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilianza mwaka ambao mechi mbili kati ya tatu za basketi ziliishia kwa ngumi, kila mmoja akidai amesukumwa, hadi wachezaji wakakubaliana kwamba ngozi iamue. Ikipasuka, unapewa mpira. Isipopasuka, endelea kucheza. Ngumi ziliisha kweli, na tangu hapo kila aliyefika Jumapili baada ya misa aliikuta sheria na kuifuata.

Claudette aliifuata kwa miezi minne. Alikuwa mtaalamu wa viungo katika zahanati moja mjini, na siku sita kwa juma alinyoosha magoti na vifundo vya watu wengine. Siku ya saba alicheza. Hakuwa na mahali pengine pa kuchezea. Timu yake ya shule ilibaki Bukavu. Wachezaji walimwita Docta. Aliwaeleza mara mbili kwamba yeye si daktari, kisha akaacha.

Jumapili hiyo matokeo yalikuwa tisa kwa tisa, na timu ya kwanza kufikisha kumi na moja ndiyo ingebaki uwanjani. Claudette aliruka kurusha. Frédéric, aliyekuwa akimkaba, hakugusa mpira wala mkono wake. Alisogeza mguu mmoja mbele, akauweka pale ambapo Claudette angetua. Claudette aliukanyaga, kifundo kikapinda, akaangukia nyonga. Aliinuka, akaulemea mguu taratibu: kifundo kilikuwa kizima. Alikwenda kuuchukua mpira, akarudi nao hadi pale alipoanguka.

"Faute," alisema, akidai kosa.

Sévère, nahodha wa timu ya Frédéric, alimwuliza damu iko wapi. Claudette alijibu kwamba haipo. Basi na faute haipo, Sévère akasema, atoe mpira. Claudette aliketi kwenye saruji ya moto, akaupakata mpira. Ulikuwa mmoja tu.

Waliokuwa wakingoja zamu yao walianza kulalamika. Mmoja alimwelekeza kwenye voliboli ya akina mama wa kwaya, ambako watu hawagusani.

"Weye Docta, leta damu, hata kidogo," Frédéric alisema. "Minye Frédéric mwenyewe nitakuombea mpira."

Walicheka. Claudette alingoja wamalize.

"Umeweka mguu chini yangu. Ni mara ya tatu tangu Pasaka. Sisimami mpaka mpira uwe wangu."

Sévère alimwambia kwamba kwa mtindo huo, Jumapili ijayo asijisumbue kuja.

"Nitakuja," alisema Claudette.

Hapo Bigirimana akazungumza. Aliketi kwenye ukuta mfupi wa pembeni, mguu wa kushoto ameunyoosha, fimbo kando yake. Hadi alipoumia goti miaka miwili nyuma, hakuna aliyecheza vizuri kuliko yeye kwenye uwanja ule. Alikuwa pia fundi mwashi; sasa hakuweza kupanda jukwaa la ujenzi, akawa anatengeneza simu. Kila Jumapili Frédéric, rafiki yake, alimleta kwa pikipiki yake, akamshusha na kumwegemeza mpaka ukutani.

"Dada, minye nilicheza hapa miaka tisa," alisema. "Sikuita faute bila damu hata siku moja. Toa mpira, watu wacheze."

Claudette ndiye aliyelitibu goti lile. Katika juma la tatu la matibabu, akiwa amelala kwenye kitanda cha zahanati, Bigirimana alikuwa amemweleza jinsi lilivyoumia. Maneno yale yangemaliza ubishi mara moja, na Claudette hakuwa na haki ya kuyatumia. Lisemwalo kitandani ni la mgonjwa. Lakini kuna swali ambalo yeyote aliyewahi kumwona Bigirimana akitembea angeweza kuliuliza.

"Siku ile ulipoumia, goti lako lilitoa damu kiasi gani?"

Kila mtu pale alijua jibu. Kano zilikatika ndani, chini ya ngozi nzima. Walimbeba hadi kwenye ukuta ule ule, na kwa kuwa hapakuwa na damu, mechi iliendelea. Yeye mwenyewe alisema ameanguka vibaya, na ndivyo ilivyosimuliwa.

Frédéric alimtaka Claudette amwache mgonjwa wa watu. Claudette hakugeuka. Alikuwa akimtazama Bigirimana.

Bigirimana alishika fimbo, akasimama. Aliingia uwanjani polepole, akampita Claudette, akaenda hadi chini ya kikapu cha upande wa pili. Aligonga saruji kwa fimbo.

"Mguu wa Frédéric ulikuwa hapa," alisema. "Nilisema nimeanguka vibaya. Sikuanguka vibaya."

Frédéric alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ndiyo asante ya miaka miwili ya kumbeba.

"Ulinibeba, ndiyo. Na mguu wako ulikuwa hapa."

Frédéric aliokota shati lake, akatoka. Pikipiki iliwaka nje ya ukuta, ikanguruma mahali pamoja kwa muda. Bigirimana hakusogea. Hatimaye ikaondoka.

Sévère alitazama lango, kisha akamwambia Claudette mpira ni wake. Mmoja wa waliokuwa wakingoja alichukua nafasi ya Frédéric. Claudette alisimama, nyonga ikimwuma, akaanzisha mchezo. Katika shambulio la pili Sévère alimpiga kwenye mkono alipokuwa akitoa pasi, na mpira ukapotea. Ngozi haikuonyesha hata mkwaruzo.

"Faute," alisema Claudette.

Sévère alianza kuuliza damu iko wapi. Bigirimana alikuwa bado amesimama ndani ya mstari, mikono yote miwili juu ya fimbo. Sévère aliliacha swali katikati, akamrudishia Claudette mpira.