Julai Kwenye Shimo la Karoti

Jumamosi moja ya Januari, asubuhi kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, Robinah alifika bustanini akivuta kile kigari cha plastiki ambacho watoto huteleza nacho kwenye theluji. Ndani yake alikuwa ameweka uma wa bustani, ufagio mkuukuu, kisu na chupa ya chai. Bustani hizo za kukodi ziko chini ya maghorofa ya Alby, pembezoni mwa Stockholm, upande wa ziwani, na wakati wa baridi watu wengi huzisahau. Robinah hakuzisahau. Mboga alizoziacha ardhini ndizo alizokuwa akila.

Alianza na sukuma wiki. Aliikung'uta theluji kwa ufagio, taratibu, maana jani lililoganda huvunjika kama kigae, kisha akachuma majani ya chini na kuacha kilele. Sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Robinah aliwahi kuisifia baridi ya Stockholm tangu atoke Masaka. Kisha akaenda kwenye vitunguu liki. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Akamimina chai kidogo ya moto kwenye shina la kila kimoja, akasubiri, akachokonoa kwa uma, kikatoka na ndevu zake zote. Chai ilikuwa na tangawizi, lakini liki hazikulalamika.

Mwisho akaliendea shimo la karoti.

Alilichimba kama wanavyochimba kwao mashimo ya kuhifadhi viazi vitamu: jivu chini, nyasi kavu pembeni, mbao juu. Lilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika, kina cha mtu mzima na upana wa kitanda, kwa sababu siku alipoanza kuchimba udongo ulikuwa laini na yeye si mtu wa kuacha kazi njiani. Akaondoa matawi ya msonobari, akaondoa blanketi, akainua mbao.

Ikatoka Julai.

Kwanza ilitoka harufu ya stroberi, kisha nyuki mmoja, kisha joto likampiga usoni hadi miwani ikafunga ukungu. Alipoifuta akaona kwamba mle ndani ni saa nane mchana na jua linawaka. Kwenye mzizi uliochomoza ukutani kilining'inia kilemba chake cha maua, ambacho alikuwa amekitafuta tangu kiangazi.

"Kumbe kiko huku," akasema, akavua koti, akashuka kwa ngazi aliyokuwa ameiacha mle.

Aliielewa sababu mara moja. Kwao, mtu akichimba shimo mchana huliacha wazi usiku kucha lipoe, ndipo huweka mavuno. Yeye alilichimba siku iliyokuwa ya joto kuliko zote, na alipokuwa akimalizia, bintiye Aidah alipiga simu kutoka kazini kwamba ameanguka, na kwamba daktari anasema ni mimba. Robinah alilifunika shimo kwa mbao ili watoto wa watu wasitumbukie, akakimbilia treni. Oktoba aliingiza karoti kupitia upenyo, jioni, bila kufunua, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua. Joto halikupata pa kutokea. Karoti zenyewe hazikuoza, ila zilikuwa zimeota majani mabichi, kama ilivyo haki yao mwezi wa saba.

Akachukua za kutosha supu, akafunga haraka.

Nyumbani, ghorofa ya tano, Aidah alikuwa amekaa jikoni na mtoto wake Isak ndani ya koti, mtoto upande wa kifua, vifungo vimefungwa. Isak alizaliwa mwanzoni mwa Desemba, kabla ya wakati wake, na nesi aliyekuja kumpima alisema jambo moja tu: chumba kiwe na joto. Chumba hakikuwa na joto. Zile elementi za ukutani za kupasha joto zilikuwa baridi tangu Oktoba katika nyumba zote za ngazi yao, na dirisha liliganda upande wa ndani. Lennart, mtu wa kampuni ya nyumba, alikuwa amekuja mara kadhaa. Kila mara aliweka kipimajoto chake katikati ya chumba, akakiangalia, akakigonga, akasema kuna kifaa kimeagizwa. Isak alilala na kofia ya sufu, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya bitiruti.

"Mvalishe," Robinah alisema. "Tunakwenda Julai."

"Jaja, bibi yako huyu, amechoka," Aidah alimwambia mtoto. Lakini akamvalisha.

Shimoni walimvua Isak kila kitu isipokuwa nepi. Akanyoosha miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, akapiga chafya kwa sababu ya jua, akalala. Aidah alitazama vidole vyake vikibadilika rangi kimoja kimoja. Alijitandaza juu ya nyasi kavu, naye akalala.

Kuanzia siku hiyo walikwenda kila asubuhi, na majirani wa ngazi ileile wakafuata. Wa kwanza alikuwa Mzee Khamis wa ghorofa ya pili, mtu wa Tanga, dereva wa basi mstaafu mwenye magoti mabaya. Wa pili alikuwa Victoire wa Bukavu, aliyekuja na beseni la nguo mbichi, kwa sababu kwake nguo zilikuwa hazikauki.

"Mama Aidah, huku iko mbu!" Victoire alilalamika akiwa bado kwenye ngazi.

"Mbu wapo, na joto lipo. Chagua."

"Basi nachagua joto. Lakini mbu wa Januari, *mais quand même*, jamani, hata kama!"

Mzee Khamis yeye alikuwa na neno lake. Siku ile ya Julai gari la aiskrimu lilikuwa limepita barabarani, na kwa hiyo kila siku shimoni, baada ya chakula cha mchana, ulisikika muziki wake ukikaribia. Mzee alikuwa akipanda ngazi mbio mbio na magoti yake, akitoa kichwa nje kupitia ule upenyo wa karoti, na kukuta theluji na kunguru.

"Nimelikosa tena," alikuwa akisema.

"Mzee Khamis, lilipita Julai hilo," Robinah alimkumbusha.

"Na mimi niko wapi? Si niko Julai?"

"Miguu iko Julai. Kichwa umekitoa."

Alma, mwenyekiti wa chama cha bustani, alikuja kukagua. Alikuwa mwanamke mpole aliyependa utaratibu. Alichungulia, akavua glavu, akahisi hewa kwa kiganja, akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni za chama, panapokuwa Julai mwenye kipande cha bustani anatakiwa kung'oa magugu njiani na kumwagilia kwa zamu. Robinah akaona ni sawa. Kila asubuhi akawa anakung'uta theluji kwenye sukuma wiki juu, kisha anashuka kung'oa magugu chini. Mzee Khamis aliumwa na nyigu shingoni. Zahanati ya Fittja walimpa mafuta ya kupaka na kumwambia awe anakaa kivulini.

Isak akanenepa. Nesi alimpima akafurahi, akauliza mtoto ameipata wapi alama ya jua puani. Aidah akasema bustanini. Nesi akaandika.

Jambo moja tu Robinah alilisimamia kwa ukali, nalo ni mbao. Kila zilipofunguliwa Julai kidogo ilitoka, na aliyokuwa nayo ni hiyo moja. Alikuwa ameipigia hesabu kama mtu anavyoupigia hesabu unga: wakifungua asubuhi na jioni tu, ingewafikisha Aprili. "Ingia au toka," alikuwa akiwaambia. "Mlangoni si mahali pa kusalimiana."

Mwishoni mwa Januari, Lennart akaja. Alikuwa amegonga milango ya ngazi yote na kukuta hakuna mtu. Akafuata nyayo kwenye theluji hadi bustanini, akashuka shimoni, akafungua zipu ya koti, akaweka kipimajoto chake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Robinah akampa sahani ya sukuma wiki ya karanga, maana mgeni ni mgeni. Akala yote. Kipimajoto kikaonyesha ishirini na tisa.

"Hapa pazuri," Lennart alisema.

"Nyumbani kumi na tano," Aidah alisema.

Lennart akatoa simu, akaandika kumi na tano, akaandika ishirini na tisa, akajumlisha, akagawa kwa mbili. "Ishirini na mbili," akasema. "Ni zaidi ya inavyotakiwa."

"Unagawa nyumba yangu na shimo langu?" Robinah aliuliza.

"Wote ni wapangaji walewale, mama."

Akapanda ngazi kwenda kumpigia bosi wake kwamba kifaa kile sasa si lazima. Mtandao wa simu haukuwa mzuri, kwa hiyo akasogea hadi uzioni, kisha hadi barabarani, na mbao akaziacha wazi.

Julai ikatoka. Shimoni walisikia upepo tu, kama pazia linapovutwa. Robinah alipofika juu theluji ilikuwa imeyeyuka hadi kipande cha tatu, waridi la Alma lilikuwa limechanua, na juu ya ziwa mbayuwayu walikuwa wakizunguka bila kujua la kufanya. Alifunga mbao kwa mikono yake miwili, akazikalia.

"Samahani," Lennart alisema aliporudi. "Lakini habari ni nzuri. Wamekubali kufuta oda."

Kilichobaki shimoni kilikuwa jioni ya siku ile ya Julai. Mwangaza ulikuwepo, ule wa saa tatu usiku usiotaka kuondoka, lakini joto lilikuwa la kuhitaji sweta. Mbu walibaki wote. Gari la aiskrimu halikusikika tena, na Mzee Khamis akaacha kukaa karibu na ngazi. Walimrudishia Isak kofia. Februari yote walibanana mle na blanketi, na usiku walilala jikoni kwa Aidah wakiwa wamefungua mlango wa oveni. Isak alikohoa, akalazwa hospitali, akarudi. Vidole vyake vikarudia bitiruti, ila si vyote. Machi Robinah alivuna karoti za mwisho, akafagia jivu, akakuta chini kabisa mwangaza kidogo kama maji ya kunawa. Akaupeleka nyumbani ndani ya chupa ya chai, akamweka Isak karibu nao hadi ulipokwisha.

Mei kampuni ya nyumba ilibandika tangazo mlangoni. Wapangaji walikumbushwa kwamba mashimo ya majira ya baridi yachimbwe kabla ya mwisho wa Julai, na kwamba kufunga mbao vizuri ni jukumu la mpangaji mwenyewe.

Wakachimba. Siku ya joto kuliko zote Alby nzima ilikuwa na mapauro. Victoire alichimba na kanga kichwani, akiimba. Mzee Khamis hakuweza kuchimba, akapewa kazi ya kusimama barabarani kulingoja gari la aiskrimu, lilipofika alilisimamisha karibu kabisa na mashimo, akalizuia hapo kwa kushindwa kuchagua, hadi Robinah alipopiga kelele, "Sasa! Fungeni!" Mbao zikafungwa zote kwa pamoja.

Alma alipita na orodha yake ya zamu, akauliza kama mwaka huu kutakuwa na karoti pia. Robinah alisema zitakuwepo, na bitiruti.

Isak alikuwa kivulini chini ya mti wa tofaa, ameketi mwenyewe, anatafuna jani la liki. Robinah alinawa mikono, akaketi karibu naye kwenye ndoo, akampima kichwa kwa uzi wa sufu. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi viwikoni. Akafunga fundo la kwanza, akaanza kufuma kofia, kubwa kidogo kuliko ya mwaka jana.