Siku Saba za Ulimi wa Generoza

Jumapili ile Mchungaji Élysée alihubiri habari za kukesha. Alisema wahubiri wa kwingine humfananisha Ibilisi na simba, lakini kwa kuwa Rumonge, mji wa Burundi kando ya ziwa, hakuna aliyewahi kukutana na simba, yeye angewapa kiboko.

"Kiboko hapigi hodi," alisema. "Anapanda kutoka ziwani kimya kimya, anakula lengalenga zako bustanini mpaka zinaisha, na wewe unakoroma. Kila mtu ajue ua wake una tundu wapi, akae hapo."

Generoza alijua tundu lake liko wapi. Mtaa mzima ulijua. Lilikuwa chini ya pua yake.

Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiuza mawese sokoni, tangu alipovuka ziwa kutoka Baraka akiwa na mtoto mgongoni, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyemshinda kwa maneno. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kile alichokiona, kwa sauti, mbele ya watu. Lakini wiki ile maneno yake yangeweza kuvunja nyumba kabla haijajengwa. Jumamosi, ukoo wa Roger ulikuwa unakuja kutoka Kabezi kumposa binti yake wa pekee, Providence, aliyekuwa akiuza dawa katika famasi karibu na barabara kuu na aliyempenda Roger kwa miaka miwili bila kuficha.

Posa ya huku ni vita ya maneno. Kila upande una msemaji wake. Wageni hujifanya wanamtafuta mtamba wao aliyepotea. Wenyeji hujifanya hawajawahi kuzaa binti. Wanachokozana, wanaitana majina, watu wanacheka mpaka machozi, na mwishoni wanapeana. Mwaka uliopita, kwenye posa ya binti wa mdogo wake Cikuru, msemaji alikuwa Generoza. Alianza vizuri. Kisha akamwuliza babu wa bwana harusi kama yale meno ni yake au ameyaazima kwa ajili ya sherehe. Kumbe alikuwa ameyaazima kweli. Wageni waliondoka kabla ya wali, na binti wa Cikuru yuko nyumbani mpaka leo.

"Mama, nakuomba," Providence alimwambia jioni ya Jumapili hiyo hiyo. "Jumamosi usiseme. Hata kidogo."

"Hata salamu ya amahoro?"

"Amahoro sema. Kisha ufunge."

Generoza akaenda kwa mchungaji, akaweka nadhiri: siku saba, salamu tu na mambo ya lazima, na asubuhi hatakula.

"Mama Provi," mchungaji alisema kwa wasiwasi, "mimi nilihubiri kiasi. Sikuhubiri ububu."

"Kiasi sikijui, mchungaji. Kufunga kabisa ndiyo ninaweza."

Na msemaji wa Jumamosi akawa Cikuru, fundi cherehani mpole ambaye sindano ikimchoma huiomba msamaha.

Jumatatu, Hamidu mpika sabuni alikuja kununua mafuta. Akachovya kidole kwenye bidoni, akakiinua juani, akasema kama anavyosema kila Jumatatu: "Mama, haya mafuta ao chai?"

Akasubiri. Ukweli ni kwamba Hamidu alifuata jibu kuliko mafuta. Generoza akamwangalia, akameza mate, akaanza kuimba pambio.

"Mama, iko nini? Uko mugonjwa?"

Pambio likaendelea. Hamidu akalipa bila kubishana na kuondoka akigeuka nyuma kila hatua tatu. Kufikia Jumatano soko lote lilijua kwamba Generoza ana malaria iliyopanda kichwani. Wanawake wa ndizi walimletea uji. Mzee mmoja wa vitunguu, aliyekuwa amekwepa meza yake tangu uchaguzi fulani wa zamani, alipita mbele yake na kumsalimia kwa jina. Generoza akapokea yote kwa kuinamisha kichwa. Usiku alimwambia Mungu kwamba tundu limezibwa, na kwamba kusema kweli haikuwa kazi kubwa kama watu wanavyodai.

Alhamisi jioni akaja jirani yake Hadjara, mchuuzi wa samaki, ametoka kununua mzigo huko Magara, kwenye njia ya Kabezi, beseni kichwani na uso umejaa habari. Generoza alikuwa ameapa kuhusu mdomo. Kuhusu masikio hakuna aliyemwapisha. Akamvutia Hadjara kigoda.

"Unamujua Speciosa, shangazi ya Roger? Yule mwenye atawasemea Jumamosi?"

Generoza akainua nyusi: ninamjua.

"Na bwana yake, Josias? Jirani, Josias iko na nyumba ingine Magara! Kwa mama mumoja mwenye kuanika samaki ndogo-ndogo, ndagala. Nimemuona na haya macho yangu, iko na fulana ya ndani, anageuza ndagala kwa jua. Na kofia ya majani."

Generoza akasogea karibu zaidi. Aliuliza kwa macho tu, lakini aliuliza vizuri kiasi kwamba Hadjara alisimulia yote mara mbili, na mara ya pili aliongeza rangi ya fulana.

"Na Speciosa hajui," alimaliza Hadjara. "Kwao Kabezi hakuna mwenye kujua."

Usiku huo Generoza alilala usingizi mzuri sana.

Jumamosi, viti vilipangwa uani chini ya turubai, wageni upande huu, wenyeji upande ule. Speciosa alikaa mbele, mrefu, amejifunga imvutano ya kijani, ile nguo ya heshima ya vitambaa viwili, kifua mbele kama mtu aliyekuja kupokea nishani. Pembeni yake alikaa Josias, suti nyeupe, chupa ya fanta ya machungwa mkononi. Generoza alikuwa mstari wa pili, midomo imekazwa. Nyuma yake lilining'inia pazia la mlango, na nyuma ya pazia alikuwa Providence.

Speciosa akasimama.

"Amahoro! Sisi ni wasafiri, tuko na kiu. Mutamba wetu alipotea, na nyayo zake zimefika mpaka kwa huu mulango. Wenye nyumba, tunaona hii ni nyumba ya wezi!"

Upande wa wageni ukacheka na kupiga makofi. Sasa ilikuwa zamu ya wenyeji kuruka juu. Cikuru akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ni kweli," alisema. "Iko ndani. Mutusamehe kwa usumbufu."

Kicheko kikakatika. Speciosa akabaki na mkono hewani, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Labda... labda si yeye," alijaribu tena. "Wetu ni muzuri, amesoma, anajua kupika."

"Ni yeye kabisa," alisema Cikuru. "Munaweza kumubeba."

"Bila kutuuliza sisi ni nani?"

"Tunawaamini."

Minong'ono ikaanza kwenye viti vya wageni. Msichana asiyepiganiwa hata kwa mzaha ni msichana ambaye kwao wanataka aondoke. Mama mmoja mnene akamwinamia mwenzake, na kwa kuwa hakujua kunong'ona, kila mtu alisikia: "Wanamutoa kama paka. Mutoto iko na kasoro gani?" Baba wa Roger akakunja miwani yake, akaiweka mfukoni.

"Tunashukuru," alisema taratibu. "Nafikiri tutarudi siku ingine. Kwanza tuulize-ulize kidogo."

Kila mtu aliyekuwa pale alijua maana ya siku nyingine. Roger akabadilika rangi.

Mkono ukatoka nyuma ya pazia na kumfinya Generoza begani.

"Mama, sema."

Generoza akatikisa kichwa, akaonyesha vidole saba.

"Mama, wanaondoka! Sema!"

Viti viwili pembeni, Mchungaji Élysée akajifuta jasho. "Kiasi, Mama Provi," alinong'ona. "Nilikwambia kiasi. Si ububu."

Generoza akasimama.

"Cikuru, kaa chini, mudogo wangu, umechoka." Akashika kiuno. "Nani ameita nyumba yangu ya wezi? Munatoka Kabezi na kiu? Ziwa la Kabezi limekauka lini?"

Mtu akacheka. Baba wa Roger, aliyekuwa nusu amesimama, akakaa.

"Na mutamba gani? Hapa hakuna mutamba. Hapa kuna mutu wa famasi! Huyu kijana wenu anajua hata kusoma karatasi ya dawa?"

"Anajua!" Speciosa akajibu, na ulionekana wazi uso wake unavyochangamka. Hatimaye alikuwa amepata mtu.

"Asome!"

Pakiti ya dawa ikatoka nyuma ya pazia, ikapita mkono kwa mkono. Roger akasimama, akasoma kwa sauti ya darasani: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula."

"Umesikia?" Generoza akamwelekeza kidole. "Baada ya chakula! Binti yangu hapewi mutu mwenye hana chakula."

Uani kukavuma. Wakaendelea hivyo, moja huku, moja kule, na Generoza alijisikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Hakumgusa mzee yeyote. Hakutaja meno. Alikuwa karibu kujipongeza, na Speciosa, aliyelewa makofi ya watu wake, akarusha jiwe bila kuangalia lilikoelekea.

"Na mama mwenye alishindwa kushika bwana yake mwenyewe, mpaka akaenda kubakia Mpulungu, alimufundisha nini huyu mutoto juu ya kushika bwana?"

Hakuna aliyecheka. Mume wa Generoza aliteremka kusini mwa ziwa kuvua samaki miaka kumi na moja iliyopita na hakurudi, na jambo hilo halikuwa likitajwa mbele ya Providence, hata na wanawake wa ndizi. Speciosa mwenyewe alishika mdomo wake, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Jibu lilikuwa tayari. Generoza hakulitafuta, lilikuja lenyewe, limeoshwa, limenyooshwa pasi. *Wako iko na nyumba Magara, anageuza ndagala na fulana.* Wakati huo huo Hadjara akatokea jikoni na kreti ya fanta, na Josias akamwona, akamtambua: yule mnunuzi wa samaki wa Magara. Kisha akamtazama Generoza. Jasho lilimtoka juu ya kola nyeupe.

Lilikuwa jibu tamu. Hilo ndilo lililomtisha: jinsi lilivyokuwa tamu. Wiki nzima alikuwa amesimama mlango wa mbele na rungu, na Alhamisi jioni alifungua mwenyewe mlango wa jikoni, akamvutia adui kigoda, akamwomba arudie.

Akamtazama Speciosa. Mwanamke mkubwa, imvutano ya kijani, mkono mdomoni, hajui. Neno moja tu, na angejua hapa, mbele ya watu hamsini, ndugu zake wakiwa wameshika sahani. Na Providence asingeolewa Kabezi mpaka dunia iishe.

Generoza alilimeza jibu lile.

"Ni kweli, shangazi," alisema. "Wangu nilimupoteza. Ndiyo sababu leo simutoi binti yangu kwa mutu mumoja. Namutoa kwa ukoo. Huyu Roger akipotea, mwenye kumutafuta ni wewe, si mimi. Sema mbele ya hawa watu: utamutafuta?"

Speciosa, aliyekuwa akiomba ardhi impasukie, alidaka maneno hayo kwa mikono miwili.

"Nitamutafuta!" alipaza sauti. "Nyumba kwa nyumba! Mpaka Magara!"

Fanta ikamtoka Josias puani. Suti nyeupe ikawa na ramani ya machungwa, na wajomba wawili wakaanza kumpiga mgongoni. Generoza akauma shavu kwa ndani, akatazama turubai. Mchungaji akadhani anaomba, na hakukosea.

"Basi mumesikia," Generoza alisema, akizuia kicheko. "Mutamba ameonekana. Provi, toka, mama, watu wanakungoja."

Vigelegele vikapigwa pande zote mbili. Baba wa Roger akavaa miwani yake tena ili amwone mkwe vizuri.

Baada ya wali na samaki mukeke wa kukaanga, Speciosa alimshika Generoza mikono miwili. "Nimekosa, mukwe wangu. Ulimi uliteleza."

"Wangu unateleza kila siku," alisema Generoza. "Tumezoea."

Akawasindikiza mpaka kwenye gari. Alimshika mkono kila mgeni, na mkono wa Josias aliushika muda mrefu kidogo kuliko mikono ya wengine.

"Safari njema, muzee," alimwambia kwa sauti ya chini sana. "Muende mpaka Kabezi. Musishuke katikati ya njia."

Josias akaingia garini bila kuinua macho, akakaa karibu na mke wake, akamshikia mkoba.

Hadjara alikuwa amesimama nyuma, na masikio yake yalikuwa mazima. Walipofika jikoni akasema: "Nilifikiri umemeza."

"Nimemeza. Ule mufupa mukubwa nimemeza wote. Kale ka kwenye gari kalikuwa kamufupa kadogo."

"Unakwaruza?"

"Unakwaruza sana. Nipe tonge la ugali."

Hadjara akachota chini ya sufuria, akalifinyanga, akampa. Generoza akalitia mdomoni.

"Na kuanzia leo," alisema, shavu moja limejaa, "ukitoka Magara uniletee samaki tu."

"Sawa." Hadjara akakaa kwenye kigoda, akapangusa mikono, akatazama nje. "Hata ile habari ya leo asubuhi? Ya yule muzee wa vitunguu?"

Generoza alifumba macho. Alitafuna polepole, na alitafuna muda mrefu kuliko tonge lile lilivyohitaji.

"Samaki tu," alisema.