Maji ya Ngosha

Mihayo alizipanga upya kadi mkononi, kana kwamba hofu ingezibadilisha. Joka lilikuwepo. Simba mwenye mabawa naye alikuwepo. Ila mezani alikuwa na kadi mbili tu za maji, na Joka halishuki bila maji matatu. Ndiyo sheria ya kadi hizi zinazotoka ndani ya chingamu, Igombe nzima inaijua: mpiganaji asiye na maji ni picha tu.

Ngosha, wakala wa kiwanda cha minofu ya samaki, alikaa juu ya kreti akitafuna taratibu. Maji yake yalijaa mbele yake safu nzima.

"Cheza, mshikaji. Au unangoja masika?"

Vijana wakaangua kicheko. Mihayo hakucheka. Pembeni, mchangani, ililala mashine ya mtumbwi wa mama yake, aliyoiweka dau mama asijue. Dau la Ngosha lilikuwa wavu mpya, bado umo kwenye nailoni yake. Wavu ule ndio uliomtia wazimu.

Tangu bidhaa za nje zipewe ruksa na chingamu hizi zijae madukani, kila aliyepata kadi ya maji aliitupa. Nani ahangaike na picha ya maji, na ziwa lote hilo liko mlangoni? Ngosha akawa anaziokota, nyingine anaziomba kwa upole. Mihayo mwenyewe alimpa fungu zima kwa Joka moja, akarudi nyumbani anaimba. Hivyo hivyo baba zao walipiga makofi kinu cha pamba cha ushirika kilipopewa mtu mmoja. Chuma chakavu hicho, walisema, pamba si tunayo? Walibaki nayo kweli, mpaka ikaozea ndani. Lakini watu wa huku kusahau hawajambo.

Mamba, kadi kali ya Ngosha, alishawamaliza askari wote wa Mihayo. Zamu moja zaidi, basi.

Kutoka kwenye majiko ya kukaushia samaki ilisikika sauti ya mama yake, Mama Tereza, akibishana bei na wachuuzi: "Wewe wa Kisesa, hutaki acha! Yupo wa Buhongwa hapa!" Hajapata kupangiwa mteja wala bei yule mama.

Ngosha akainama, akashusha sauti. "Nikupe maji? Kadi moja."

"Unataka nini?"

"Mashine bakini nayo. Wavu chukua. Ila kuanzia leo samaki wa mtumbwi ule waje kwenye mizani yangu tu. Bei napanga mimi."

"Mtumbwi ni wa mama, bwana."

"Na mashine uliyoweka hapo ni ya nani?"

Akaiona akilini mashine begani kwa Ngosha, ikipita mbele ya mama yake. Mkono ukaenda wenyewe, ukaipokea kadi.

Joka likashuka. Mamba akaliwa. Vijana wakapiga yowe, wakambeba Mihayo juu juu na wavu wake kifuani. Ngosha alipiga makofi kuwashinda wote. Kisha akajikung'uta mchanga, akawaita watu wake wawili waliobeba mizani, wakaelekea kwenye majiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mizani ya nini tena hapa kwangu?" Mama Tereza akamtafuta mwanawe kwa macho. "Mihayo! Hawa wanataka nini?"

Mihayo alijaribu kuteremka. Vijana walikuwa bado wanamrusha, wanaimba jina lake, na hakuna aliyetaka kumshusha.